Mkono Ulitiwaje?

Wanunuzi wa kiwanja wametupa hadi Ijumaa.
Nyumba ya Mtaa wa Tukuyu, Ilala,
itavunjwa lipandishwe ghorofa la vioo,
na mimi nimeachiwa chumba cha nyuma,
cha fundi Elieza Shemhilu, baba wa baba yangu,
aliyekufa miezi miwili kabla sijazaliwa.
Mlipishana mlangoni, husema Shangazi Loida.

Sura yake sina. Picha moja iliyokuwepo
ililiwa na mvua ya mwaka ule bati lilipong'oka;
kilibaki kiatu kimoja na mguu wa kiti.

Basi nimekaa sakafuni, nasoma vitu.

Mkasi: tundu la dole gumba limelika upande usiotarajiwa.
Kumbe alikuwa mashoto, na hakuna aliyewahi kuniambia.
Subana yenye vijishimo. Futi ya kitambaa
iliyofutika namba toka ishirini na nane hadi arobaini,
pale viuno vya Ilala vilipopita.
Daftari la vipimo, wino wa bluu:
"Kisoki. Bega la kushoto liko chini, usimwambie."
"Mama Tabu. Acha inchi mbili za kufungulia, ana mimba."
"Karani wa reli. Hajalipa."
"Karani wa reli. Hajalipa."
"Karani wa reli. Mtoto wake amefariki. Basi."

Basi. Neno hilo moja nililitazama
mpaka chai ikafanya utando.

Nikawauliza waliomwona.
Shangazi Loida: alikuwa mpole, akikasirika ndiyo kwanza ananong'ona.
Baba mdogo Stefano: alinichapa kwa rula ya mbao, alama hii hapa.
Bi Mgeni wa jirani, anayefunga Ramadhani na sita za juu yake,
anasema alimshonea gauni la harusi bila hata senti,
kisha anakumbuka, hapana, alichukua kuku.
Mmoja anampa kofia. Mwingine anaapa hakuwahi kuvaa kofia.
Nilidhani wananiharibia mtu wangu,
kumbe ndivyo alivyokuwa akiingia chumbani.
Mashahidi wanaokubaliana kila kitu
hupatikana mahakamani, wamelipiwa nauli.

Chini kabisa ya sanduku la bati, Agano Jipya,
jalada limeshonwa upya kwa uzi wa suruali.
Nilitegemea mistari mingi, tarehe ya kuokoka, maombi.
Kurasa safi. Mahali pamoja tu pana penseli:
pale askari wanapogawana nguo chini ya msalaba
na kufikia kanzu isiyo na mshono.
Pembeni, mwandiko ulioinamia kushoto:
"Mkono ulitiwaje?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Nimekulia na Yesu wa kalenda,
nywele zimechanwa, macho yanapita juu ya utosi wangu.
Huyu wa penseli sikuwa namjua:
mtu mwenye mabega, labda moja liko chini,
ambaye mtu fulani alimpima,
akamwambia geuka, inua mkono, shusha.
Yeye naye hakuacha picha wala barua.
Aliandika mara moja, mavumbini, na hakuna aliyenakili.
Vilibaki vitambaa kaburini, kimoja kimekunjwa kando,
makaa ufukweni, samaki juu yake,
na watu wanaobishana malaika alikuwa mmoja au wawili.

Sisemi nimeamini kuliko jana.
Nasema nilikesha na babu
juu ya swali moja la fundi,
na tuliyekuwa tukimuuliza hakuonekana kuwa na haraka.

Asubuhi mtu wa vyuma chakavu akabeba cherehani.
"Umepata chochote cha maana?" akauliza Shangazi.
Nikamfungulia ukurasa.
Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena,
akanyoosha mkono mmoja hewani
na kuupima kwa shubiri za mwingine, toka kwapani hadi kifundo,
midomo ikihesabu.

"Hautiwi," akasema. "Unaanza nao."